Kabla ya Rangi, Panda Paani

Leo nataka tuzungumze juu ya dari iliyoingia maji. Unaijua. Umeamka, umetazama juu, na pale palipokuwa peupe jana leo pana doa la kahawia. Mvua ya pili ikinyesha, doa linatanuka. Ya tatu ikinyesha, ubao unaanza kulegea katikati, na usiku, nyumba ikishatulia, unasikia tone likianguka huko juu mahali usipopaona. Hapo wengi wetu tunafanya jambo moja. Tunasubiri jua litoke, tunanunua kopo la rangi nyeupe, tunapaka, tunasahau. Nimekuja asubuhi hii kukuomba uliweke kando kwanza hilo kopo.

Mazungumzo haya nayaelekeza Ndagoni, kisiwani Mafia, ule upande unaokwenda Ras Kisimani. Najua mtu wa Kilwa, wa Tanga, wa Pemba au wa Lamu akisikiliza atajikuta humo humo, kwa kuwa bahari ni moja na bati ni lile lile. Lakini Mafia ina mambo yake. Hupata mvua nyingi kuliko Dar es Salaam, na masika yake, kuanzia Machi mpaka Mei, huweza kuandama siku kwa siku hata paa lisipate saa ya kukauka. Upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi inakula zinki iliyopakwa kwenye bati, kisha inakula chuma chenyewe. Minazi nayo imesimama juu ya nyumba, na nazi moja kavu ikidondoka huliacha bati limebonyea au limetoboka. Tena bidhaa ya ujenzi inayotoka bara, iwe ubao wa jipsamu, mfuko wa saruji au kilo ya misumari, lazima ivuke maji, kama vile kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, ndipo ipakiwe tena kuletwa kijijini. Kwa hiyo dari ikiharibika Ndagoni, gharama yake haiishii dukani.

Wengine watasema mharibifu wa paa ni kimbunga. Tarehe 4 Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitangaza kwamba Kimbunga Hidaya kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia. Siku zile boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimama, na barabara ya kusini ikakatika Somanga, wilayani Kilwa. Pwani yetu haijazoea vimbunga. Wanaofuatilia historia hutaja kile cha Aprili 1872 kilichopiga Unguja na Bagamoyo, na kile cha Aprili 1952 kilichoingia Lindi. Kimbunga kikitangazwa, kila mtu hukumbuka kutazama paa lake. Ila, msikilizaji, dari nyingi zinazooza pwani hazikuvunjwa na kimbunga. Ziliozeshwa na msumari mmoja uliolegea, au raba moja ya msumari iliyopasuka kwa jua, ikaachia matone machache kila mvua, mwaka hadi mwaka.

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo, yaani mchirizi unaotiririka humaliza mtungi upesi kuliko matone. Kwa mtungi ni kweli. Kwa dari mambo yamegeuka. Mchirizi ukiingia sebuleni utauona, na utaamka usiku huo huo kuukinga. Tone ndilo lenye hatari, maana linafanya kazi gizani, juu ya ubao, kwenye mbao, kwenye waya wa umeme, nawe umelala chini yake.

Fundi wa vyombo wa Jibondo akiambiwa jahazi linavuja, hamalizi kazi kwa kufua maji ngamani. Hufua maji apate kuona, kisha hutafuta mshono unaopitisha, akaukalafati, ndipo chombo kirudi baharini. Nyumba ni hivyo hivyo. Kulifunika doa ni kufua maji. Kuziba tundu ndiyo kazi. Neno langu la leo ni hilo moja: dari hutengenezwa kuanzia juu.

Wazee wetu walilijua hilo kwa sababu nyumba zao ziliwalazimisha kulijua. Nyumba ya makuti ina makombamoyo, fito na kamba, na juu yake makuti ya viungo au ya kumba. Makuti hayadumu. Kila baada ya miaka michache paa lazima liezuliwe na kuezekwa upya, na katikati ya hapo kila masika ina viraka vyake. Kwa hiyo mwenye nyumba alipanda, au mwanawe alipanda, na majirani walikuja kwa ujima, hawa wakishona, hawa wakirusha juu, hawa wakifunga. Paa lilikuwa linatazamwa. Na mara nyingi hapakuwa na dari ya kuficha kitu: ukilala chali ukaona nyota, ulionyesha kwa kidole, na kesho yake palizibwa.

Bati limetupa nafuu kubwa, wala silibezi. Halishiki moto kama makuti, na maji yake ya mvua yanakingika. Lakini limetuachia tabia moja mbaya: mtu akishaezeka anaona amemaliza. Kisha tukaweka dari ya jipsamu chini yake, nyeupe, yenye mapambo na taa za kuzama, nayo ikatuzuia hata kuliona paa kwa ndani. Nyumba nyingi za siku hizi hazina hata mlango mdogo wa kupandia darini. Fundi amefunga, amepaka, ameondoka. Tangu siku ile hakuna jicho lililoziona kenchi, mpaka siku dari inapoanguka.

Ukitaka kujua paa lisilotazamwa linaishia wapi, vuka uende Kua, kisiwani Juani. Kua ulikuwa mji wa mawe ya matumbawe na chokaa. Wasakalava kutoka Madagascar waliuvamia katika miaka ya 1820, na mji ukabaki mahame. Nyumba zake kubwa zilikuwa na paa bapa: boriti zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa iliyoshindiliwa. Paa la namna hiyo hudumu vizazi na vizazi likipigwa chokaa upya kila linapopata ufa. Likiachwa, maji hupita ufani, hufika kwenye boriti, boriti huoza, na paa lote huingia ndani. Leo ukifika Kua utakuta kuta zimesimama, utatambua misikiti, utatambua jumba la watawala, lakini mapaa hakuna. Jirani zaidi na Ndagoni kuna Kisimani, mji mwingine wa kale, ambao Neville Chittick aliuchimba na kuchapisha taarifa yake mwaka 1961. Huko bahari yenyewe imekula ufukwe pamoja na sehemu ya mji. Bahari hatuwezi kuizuia kwa ngazi na nyundo. Paa tunaweza.

Basi tuingie kazini. Jambo la kwanza kulishika ni kwamba maji hayadondoki pale yanapoingilia. Yanaingia kwenye tundu la msumari karibu na kofia ya paa, yanateremka chini ya bati, yanafika kwenye papi, yanatambaa na papi hadi kwenye kenchi, yanashuka na kenchi, na yanapokuta kiungo cha mbao au kichwa cha msumari, hapo ndipo yanapodondoka. Doa likiwa juu ya kitanda chako, tundu laweza kuwa mita 2 au 3 kutoka hapo. Kwa hiyo mtu anayepanda, akapaka lami pale pale juu ya doa, akashuka, huenda amepaka mahali pazima. Anza kwenye doa, kisha tafuta kuelekea juu ya mteremko.

Zipo sehemu ambazo ukizikagua kwa zamu utakuwa umemaliza kazi kubwa ya kutafuta. Ya kwanza ni misumari. Bati likipata joto mchana hutanuka, usiku hunywea, na kila siku msumari huvutwa kidogo mpaka ukanyanyuka. Raba yake ikishapasuka, tundu limefunguka. Ya pili ni kofia, pale miteremko inapokutana juu. Ya tatu ni mishono. Bati linapolalia bati jingine, mshono unatakiwa utazame kinyume na upepo wa mvua. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, nayo huanza kushika Aprili, masika ikiwa imekolea. Mshono uliofunguka kuelekea huko utapulizwa maji ndani hata kama bati ni jipya la jana. Ya nne ni bonde la paa, pale miteremko miwili inapomwagia maji mahali pamoja. Majani ya mnazi na takataka hujikusanya hapo, maji yakakosa njia, yakapanda pembeni na kuingia chini ya bati. Ya tano ni pale bati linapogusana na ukuta. Ya sita ni kila tundu tulilolitoboa wenyewe, la dishi la televisheni, la paneli ya sola, la bomba la tanki. Ya mwisho ni gata. Gata likiziba, maji hufurika kwa nyuma, hulowesha fishabodi na ncha za kenchi, na doa hujitokeza ukingoni mwa dari karibu na ukuta wa nje. Ukiona doa la ukingoni, gata ndilo la kwanza kushukiwa.

Lakini usiihukumu mvua kwa kila doa. Doa likijitokeza kiangazi, bila mvua, na matone yakaonekana alfajiri, huenda ni jasho la bati: hewa yenye unyevu wa bahari imefungiwa darini, bati limepoa usiku, na maji yamejikusanya upande wake wa chini. Dawa yake ni kuipa dari njia ya hewa, kwa matundu yenye wavu pande mbili za paa. Doa lenye harufu kali laweza kuwa la mkojo na kinyesi cha popo au panya. Hapo kazi ni kuwatoa, kusafisha ukiwa umevaa barakoa, na kuziba wanapoingilia. Na doa lililo karibu na bomba, funga bomba siku moja uone kama linakauka.

Sasa tuseme mvua inanyesha na dari imefura. Fanya hivi kwa mpangilio. Zima umeme kwenye swichi kubwa, hasa kama maji yako karibu na taa au feni, na usiiguse taa hiyo. Watoe watoto chumbani. Toa godoro, toa misahafu, toa vyeti. Kisha litazame tumbo la dari. Maji ya kina cha sentimita 1 yaliyotuama juu ya mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 10. Ubao mzima wa jipsamu, ule wa mita 1.2 kwa mita 2.4, una yapata kilo 20 ungali mkavu. Vitu hivyo vikishuka kwa pamoja juu ya mtu aliyelala, ni msiba. Weka ndoo chini, simama pembeni, na kwa bisibisi ndefu toboa tundu dogo pale palipolegea zaidi, maji yashuke taratibu. Watu huogopa kutoboa, wakiona wanaharibu. Ubao huo umeshaharibika. Unachookoa ni mbao za jirani yake na uhai wa walio chini.

Kabla hujalala, chukua penseli, zungushia ukingo wa doa, andika tarehe. Ukishatengeneza paa, mvua itakayofuata itakuambia kama tundu limezibwa au bado. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na fundi mwaminifu atafurahi kukikuta.

Na nakusihi, usipande paani mvua ikinyesha wala upepo ukivuma. Bati lililolowa linateleza, na kutoka Ndagoni mpaka hospitali ya wilaya pale Kilindoni ni safari. Usimpandishe mtoto eti kwa kuwa ni mwepesi. Ndoo zikinge usiku mmoja, paa litapandwa kukikauka.

Siku ya jua, tafuta mtu wa kufanya naye kazi. Mmoja aingie darini mchana, atulie gizani mpaka macho yazoee. Matundu yatajionyesha kwa mwanga unaopenya. Apitishe kijiti chembamba ili aliye juu aone mahali hasa. Azitazame na mbao: palipopita maji huwa na mchirizi uliobadilika rangi, aufuate kwenda juu. Pasipoonekana mwanga, aliye paani amwage maji, akianzia chini ya mteremko na kupanda sehemu baada ya sehemu, akisubiri dakika kadhaa kila mahali. Akianzia juu, maji yatateremka yapite kwenye kila tundu, na hamtajua lipi ndilo lenye kosa. Na anayetembea juu ya bati akanyage kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. Akikanyaga katikati atalibonyeza bati na kufungua mishono iliyokuwa mizima.

Msumari uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lile lile. Ung'oe, weka skrubu nene kidogo yenye washa ya raba. Tundu dogo lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, lipakwe praima, lizibwe kwa mastiki inayovumilia jua. Bati lililoliwa na kutu mahali pakubwa libadilishwe, kwa kuwa mastiki iliyopakwa juu ya kutu hubanduka pamoja na kutu yenyewe. Ukinunua bati jipya uliza geji: geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo, na karibu na bahari unene huo unakuongezea miaka.

Baada ya bati, mbao. Zichome kwa bisibisi. Mafia tunazo mbao za mnazi, na ni msaada mkubwa kisiwani, lakini mnazi una sehemu mbili: ya nje ni ngumu, ya ndani ni laini na haivumilii kulowa. Bisibisi ikizama, ubao huo ukatwe, uwekwe mwingine uliotiwa dawa ya mchwa. Usifunge jipsamu mpya kwenye ubao uliooza. Skrubu haitakuwa na cha kushika.

Kisha subira, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Paa likishazibwa, usikimbilie kufunga dari siku hiyo hiyo. Acha mvua moja ya maana inyeshe, au mwaga maji ya kutosha, uhakikishe. Kisha acha darini pakauke, madirisha yakiwa wazi mchana. Wakati wa kiangazi ni siku chache. Wakati wa masika inaweza kuchukua wiki. Ukifunga unyevu ndani, umefunga kuoza ndani.

Jipsamu yenyewe ni jasi, madini yanayochimbwa Makangaga wilayani Kilwa, ng'ambo ya maji kutoka Mafia, na Makanya kule Same. Jasi huchomwa, husagwa, hukandwa kwa maji na kubanwa katikati ya karatasi mbili. Kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungika katika umbile lake, na ndiyo sababu dari ya jipsamu huchelewesha moto. Lakini maji ya nje yakiingia, jasi hulainika, na karatasi yake huwa chakula cha ukungu. Ubao uliolowa kidogo ukakauka upesi, ukabaki umenyooka, na ukiubonyeza kwa kidole gumba haubonyei, unaweza kubaki. Ubao uliolegea, unaobonyea, au wenye ukungu nyuma yake, utoke. Usijaribu kuunyoosha kwa misumari.

Unapoutoa, vaa barakoa, na mwenye pumu asiwe karibu. Ukungu ulioshika mbao na kuta uoshwe kwa sabuni na brashi, pakaushwe. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, maana gesi inayotoka ni sumu. Na kwa walio katika majengo ya zamani, hasa shule na nyumba za watumishi, nina onyo zito. Baadhi ya majengo hayo yana vigae vya saruji au mbao za dari zenye asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, nayo huingia mwilini kwa kuvuta vumbi lake. Ukishuku, usikate, usivunje, usipige msasa. Toa taarifa halmashauri, aje mtaalamu.

Kipande kibovu kikatwe kwa mstari ulionyooka, si kwa kufuata umbo la doa, na mkato ufike katikati ya mbao za mbili kwa mbili ili kipande kipya kipate pa kukaa. Pasipo na ubao, ongeza ubao. Tumia skrubu zisizoshika kutu, kila sentimita 20 hivi, kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi. Kiungo kipigwe tepu ya wavu, kisha poda ya jipsamu mikono mitatu, kila mkono ukikauka kabla ya unaofuata, ndipo msasa laini. Na muda huo huo, fundi angali hapo, mwambie akate mlango wa kupandia darini, sentimita 60 kwa 60, mahali panapofikika kwa ngazi. Nyumba isiyo na mlango huo haina namna ya kukaguliwa.

Sasa rangi. Doa la kahawia ni rangi ya mbao, vumbi na karatasi vilivyoyeyushwa na maji. Ukipaka rangi ya maji juu yake, unaviyeyusha tena, na doa linapanda hadi juu ya rangi mpya. Ndiyo maana doa ulilolipaka mwaka jana limerudi, hata kama paa halikuvuja tena. Tanguliza mkono mmoja wa rangi ya mafuta au praima ya kuzuia madoa, ikauke kabisa, kisha paka rangi ya dari.

Mambo mawili kuhusu mafundi na vifaa. La kwanza, fundi wa paa na fundi wa jipsamu ni wawili, na wa pili asianze mpaka kazi ya wa kwanza imepimwa kwa maji. Elewaneni mapema kwamba sehemu ya malipo ya paa itabaki mpaka mvua ya kwanza ipite. Hilo halimvunjii fundi heshima. Fundi mzuri hulikubali kwa kuwa anaijua kazi yake. La pili, mbao za jipsamu zinazovushwa kwa boti zilazwe bapa, zifunikwe turubai juu na chini, na zisiwekwe sakafuni zikifika. Ubao uliolowa njiani umeharibika kabla haujafungwa, na duka haliko karibu ukaubadilishe. Wapo wanaochagua dari ya plastiki kwa sababu haiozi. Ni uamuzi mzuri, lakini wakumbuke kwamba plastiki haizibi paa; inachelewesha habari tu, na mbao zilizo juu yake zinaendelea kulowa. Na wewe mpangaji, mwambie mwenye nyumba siku unapoona doa la kwanza, umtumie na picha, asije akasema hakujua.

Tusiyaone maji haya kuwa adui. Nyumba ya mita 10 kwa mita 8, mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa lake hupokea lita 4,000. Gata safi lenye mteremko mzuri huyapeleka maji hayo tangini, yakafua nguo na kumwagilia bustani. Gata lililoziba huyapeleka darini. Maji ni yale yale, na tofauti yake ni usafi wa gata.

Ninachoomba basi ni turudishe ile desturi ya makuti kwenye nyumba za bati. TMA hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya misimu hiyo kuanza. Ukiusikia utabiri, ihesabu siku hiyo kuwa ya kutoa ngazi. Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, panda, kaza misumari, safisha gata na bonde la paa, shusha nazi zilizokauka na makuti yanayosugua bati, kisha ingia darini na tochi utazame mbao. Asiye na ngazi aazime kwa jirani, asiye na nguvu ya kupanda apandiwe na vijana wa mtaa. Vikongwe na wajane wasiachwe wakipanga ndoo usiku. Kamati za shule, za zahanati na za misikiti zifanye vivyo hivyo kwa majengo tunayoyatumia sote.

Nusu siku mara mbili kwa mwaka, na konzi ya misumari, ni gharama ndogo kuliko dari moja iliyoanguka. Ndugu zangu wa Ndagoni, na wote mlionisikiliza, msiingoje mvua iwaonyeshe tundu. Litafuteni nyinyi kwanza.